Walivyotaka Kwenda Maskati na Jina Langu

Wiki iliyopita niliingia duka la dawa za mifugo pale Majengo kutafuta dawa ya viroboto wa kuku. Muuzaji alikuwa akimpimia mteja mwingine dawa ya kuogeshea ng'ombe, akafungua dumu karibu na nilipokuwa nimesimama. Harufu ile haiingii puani polepole. Inapanda moja kwa moja hadi kwenye paji la uso na kukaa hapo. Mteja mwenzangu alikohoa akatoka nje. Mimi nilibaki nimeshika meza, nikahisi kile kitu ambacho kwa miaka mingi nimekuwa nikikiita huzuni kila mtu anaponiuliza habari za mama mkubwa. Si huzuni. Ni hasira, na imekaa vizuri kwa umri wake.

Mama mkubwa alinuka dawa ile mikononi, kwenye khanga, hata kwenye chapati alizozikanda mwenyewe. Alikuwa dada wa mama yangu, baba mmoja mama mmoja, na ndiye pekee katika watoto wa nyumba yao kule milimani Kondoa aliyesoma hadi chuo. Alisomea mifugo Mpwapwa, akaolewa Dodoma, akafungua duka lake la dawa za kupe na minyoo. Baba yangu alipofariki, nikiwa na miaka saba, alikuja msibani, akanitazama, akamwambia mama kwa Kirangi kwamba huyu naondoka naye. Nilihamia kwao, mtaa wa Kikuyu hapo hapo Dodoma, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mizabibu iliyotambaa juu ya fito nyuma ya jiko. Binti yake Zuhura alikuwa rika langu kabisa. Tulilala kitanda kimoja, tukavaa sare za kitambaa kimoja, na walimu wa madrasa wakatuita pacha. Nasema haya ili isidhaniwe kwamba nilinyanyaswa. Sikunyanyaswa. Nilipendwa kwa miaka minne, na ndiyo sababu lililofuata sikuweza kulimeza.

Baba mkubwa alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, mtu mpole, mwenye shati lililolowa mafuta kila siku. Mdogo wake, baba mdogo Saidi, alikuwa akifanya kazi Maskati. Mwaka mmoja alikuja likizo. Jioni moja aliniita nimsomee Kurani, nikasoma, akafumba macho mpaka nilipomaliza. Alipokuwa anaondoka alisema mwaka unaofuata kaka yake aende kule na familia, wakae mwezi mzima wa likizo ya shule. Tiketi nne angezituma yeye. Barua ikaja kweli baada ya muda, kwa mkono wa mtu, na baba mkubwa aliisoma kwa sauti sote tukiwa tumekaa mkekani: waje kaka na shemeji, na watoto wawili, Zuhura na Mwanaidi, yule msomaji. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa wino wa bluu. Niliomba nishike karatasi, wakanipa, nikaikagua mpaka nikahakikisha.

Hakuna aliyewahi kutoka nje ya nchi katika nyumba ile. Baba mkubwa alikuwa amefika Dar es Salaam mara tatu na bado alikuwa akizisimulia. Kwa hiyo safari ilipangwa kama harusi. Nyuma ya kalenda ya ukutani mama mkubwa aliandika mambo ya kufanya: picha, vyeti vya kuzaliwa, barua ya mtaa, pasipoti, sindano ya homa ya manjano, nguo, zawadi. Zawadi zilijadiliwa wiki nzima. Baba mkubwa alitaka kupeleka mafuta ya alizeti, mama mkubwa akasema mtu wa Maskati hakosi mafuta, anachokosa ni mlenda. Basi mlenda ukaanza kukaushwa juu ya bati, na karanga zikachambuliwa moja moja ili zisiende mbovu zikatuaibisha ng'ambo. Mimi na Zuhura tuliweka viti viwili uani, kimoja mbele ya kingine, tukawa tunapaa. Zuhura alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba ndani ya ndege mtu akibanwa na haja itakuwaje. Mimi nilimhakikishia kwamba ndege husimama, kama basi la Kondoa linavyosimama njiani na watu wakaingia porini, wanawake upande huu na wanaume upande ule.

Tulipelekwa studio kupigwa picha. Wa rika langu watakumbuka studio zile: pazia la bluu, kiti kisicho na mgongo, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiibiwe, poda moja ya watu wote. Niliambiwa nisicheke. Nilijitahidi, lakini picha ilipotoka ilionyesha mtoto aliyebana mdomo kwa furaha mpaka mashavu yamevimba.

Jambo lililonitia hofu lilikuwa balozi. Baba mkubwa alirudia mara nyingi, wakati wa chakula, kwamba pasipoti si kitu, shida ni balozi. Viza anagonga balozi, na balozi akisema hapana, ni hapana, hata ungekuwa nani. Sasa balozi niliyemjua mimi alikuwa mmoja, balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Ndahani, Mgogo wa makamo aliyeshona sare za shule barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilishangaa kwamba mwanamke yule mwenye utepe wa kupimia shingoni ana uwezo wa kuzuia ndege, lakini sikuuliza. Nilianza kumwekea mambo sawa. Nilimwamkia kila nilipopita, hata nikipita mara nne. Nilimtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Nilimfagilia vipande vya vitambaa. Siku moja aliniuliza nimepatwa na nini, nikamwambia sijapatwa na kitu, shikamoo.

Kisha baba mkubwa akaenda Chemba kununua alizeti, maana ulikuwa msimu, na alipokuwa huko Latifa akaja.

Alishuka kwenye basi la Mpwapwa na mfuko mdogo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kidogo kutuzidi, mkimya. Mama mkubwa alisema ni mtoto wa rafiki yake wa chuoni aliyefariki, yatima, amekuja kupumzika kidogo. Alimwita mama mkubwa anti. Usiku wa kwanza niliambiwa nimpishe mgeni kitandani, nikalala mkekani. Sikuona ubaya, mgeni ni mgeni. Lakini siku zilipita na mkeka ukabaki wangu. Niliona vitu vingine pia. Mama mkubwa, ambaye sisi alitusuka kwa haraka huku akiongea na wateja, alikaa na kichwa cha Latifa mapajani saa nzima akikipaka mafuta ya nazi. Alimkata kucha, kidole kimoja kimoja, na kila kidole alikishika kidogo hata baada ya kumaliza. Mimi nilihitimisha kwamba Latifa lazima ametoka kwa watu wakubwa, labda mkuu fulani wa chuo, na mama mkubwa anajipendekeza. Akili ya mtoto hutafuta sababu ya karibu, na mimi nilikuwa nimetoka kujipendekeza kwa balozi kwa njia ile ile.

Baba mkubwa aliporudi, jioni moja mama mkubwa aliniita dukani, akaniketisha juu ya gunia la chumvi ya mifugo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yangu amekataa nisisafiri. Amesema ndege ni hatari, ana mtoto huyu mmoja tu, na yeye kama dada hawezi kumlazimisha. Tiketi isipotee bure, Latifa atakwenda badala yangu. Nikauliza kama ninaweza kuongea na mama. Akasema mama amesema asisumbuliwe zaidi. Nilikaa juu ya lile gunia nikilia, naye akanifuta machozi kwa kiganja chake, na dawa ya kupe ikaniingia machoni nikalia zaidi.

Nilimchukia mama yangu kwa majuma matano. Alikuwa akipiga simu kwenye namba ya duka kila Jumapili, kutoka kwa jirani kule kijijini mwenye simu, akilazimika kupanda kilima ili apate mtandao. Jumapili mbili nilikataa kuja kwenye simu. Ya tatu nilikuja, nikasikiliza sauti yake ikiniuliza mwanangu unaumwa, na nikakata. Mpaka leo, katika yote niliyofanyiwa, hilo ndilo nisilolisamehe: kwamba niliazimwa hasira nikaitumia kwa mtu ambaye alikuwa amepanda kilima.

Ukweli niliupata kwa sababu ya mkasi. Mama mkubwa alikuwa uani akipima kitambaa cha baibui, akanituma chumbani kwake nilete mkasi kabatini. Chini ya mashuka kulikuwa na bahasha ya kaki. Nilifungua kwa sababu nilitaka tu kuziona pasipoti, kuzigusa. Ya kwanza ilikuwa ya Zuhura, macho yamemtoka. Ya pili ilikuwa na jina langu, Mwanaidi, na jina la baba yangu marehemu, na tarehe yangu ya kuzaliwa, na mahali, Kondoa. Juu ya hayo yote ilikuwa picha ya Latifa.

Nilijishika uso. Najua inaonekana ni ujinga, lakini nilijishika uso kuhakikisha upo. Jina lile nilipewa kwa kuwa nilizaliwa asubuhi ya Idi, na baba yangu, kwa jinsi mama alivyonisimulia, alitoka kuswali akaliambia lango zima la msikiti. Sikuwa na kitu kingine chake. Nilielewa jambo moja tu kwa ukamilifu: hawakuninyima safari, ila walichukua safari pamoja na mimi, wakaniacha mimi. Nikarudisha bahasha, nikapeleka mkasi. Mama mkubwa akaniambia ahsante mwanangu.

Kulipiza nilianza kwa mambo madogo. Nilimwambia Latifa kwamba ndege nyingi huanguka baharini na kwamba maiti haziokotwi. Nilitia chumvi kwenye chai yake. Aliinywa yote bila kusema, na hilo lilinikera kuliko kama angelia. Nilisahau makusudi kuanua mlenda mvua ya ghafla iliponyesha, ukaoza. Lakini yote hayo yalikuwa yanamgusa nani? Mama mkubwa aliukausha mwingine. Nikajifunza kungoja. Sijui mtoto wa miaka kumi na moja anajifunzia wapi kungoja, lakini nilingoja kwa utulivu ambao sijawahi kuupata tena maishani, nikicheka, nikitii, nikiosha vyombo kabla sijaambiwa. Mama mkubwa alimwambia jirani kwamba Mwanaidi amekua, ameyapokea vizuri. Nilikuwa nangoja siku ambayo balozi atakuwepo.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu yake walikuwa waende Dar es Salaam kushughulikia viza, na baba mkubwa alitaka watu wawasomee dua kabla hawajaanza. Baada ya swala ya Ijumaa wanaume walikaa barazani, wanawake sebuleni, mlango katikati ukiwa wazi. Pilau ilikuwa imeshaiva nyuma, harufu ya bizari ikishindana na ile ya mashudu kutoka mashineni. Mama Ndahani, ingawa si Mwislamu, alialikwa kama jirani na kama balozi, na kwa kuwa magoti yake hayakukunjika vizuri aliwekewa kiti pale mlangoni, anaonekana pande zote mbili. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimeitoa pasipoti kabatini, nikaifunga kiunoni ndani ya gauni kwa kitambaa. Kona zake zilinichoma kila nilipoinama.

Baba mkubwa aliniita nisome. Alisema kwa kuwa mimi nabaki, basi niwatangulizie njia kwa Kurani. Nilisoma. Sijawahi kusoma vile, kabla wala baadaye. Kisasi husafisha sauti. Hakiachi tetemeko wala haraka. Niliona mzee mmoja akijifuta macho. Nilipofunga msahafu, watu wakiwa bado kimya, nilikwenda mpaka kwenye kiti cha Mama Ndahani.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, mwanangu. Umesoma vizuri."

"Balozi, naomba usiwagongee viza. Aliyemo humu si mimi."

Nilimpa pasipoti. Wawili watatu walicheka waliposikia neno viza, maana walielewa kabla yangu kwamba nimewachanganya mabalozi. Mama Ndahani hakucheka. Alivaa miwani iliyoning'inia kifuani, akafungua, akasoma midomo ikichezacheza, akanitazama, akatazama tena picha. Kumbe yeye hakuwa na uwezo wowote juu ya ndege, lakini barua ya mtaa iliyotangulia pasipoti ilianzia kwake. Alikuwa ameiandikia saini yake kwamba anamfahamu mtoto Mwanaidi, mkazi wa nyumba kumi zake, na kweli alinifahamu. Nilikuwa nimemtungia uzi.

"Baba Zuhura," alisema, "njoo uone hapa. Mimi nimetia saini kwa mtoto ninayemjua."

Baba mkubwa alikuja, akasoma. Alikuwa ameambiwa tu kwamba Latifa anachukua nafasi. Habari za karatasi aliziacha mikononi mwa mkewe, kama alivyoacha mambo mengi. Aligeuka kuelekea sebuleni, na aliuliza polepole sana, mtoto huyu ni nani. Mama mkubwa akajibu kwamba alishamwambia, ni mtoto wa rafiki yake. Akauliza mara ya pili maneno yale yale.

Latifa alikuwa amesimama mlango wa nyuma na sinia la bilauri. Hakuna aliyekuwa akimtazama mpaka aliposema.

"Mama, naomba unirudishe Mpwapwa."

Kwetu mtoto anaweza kumwita mama mwanamke yeyote. Lakini kwa majuma yote yale alikuwa amemwita anti, na namna alivyolitamka neno hili, kama mtu aliyechoka kulibeba, ilimfanya kila mwanamke pale sebuleni aangalie mkeka. Mama mkubwa aliinuka. Alilipokea lile sinia, akaliweka chini bila kutikisa hata bilauri moja.

"Ni mwanangu," akamwambia mumewe. "Nilimzaa nikiwa chuoni, kabla hujanijua, akalelewa na bibi yake mzaa baba. Ukitaka kutukana nitukane mimi. Yeye mpe sahani ale."

Ningependa kuandika kwamba nilijuta palepale. Sikujuta. Nilisikia furaha kubwa, ya baridi, kama unapokunywa maji ya mtungi baada ya kutembea juani. Nilimtazama mama mkubwa usoni nikingoja anitazame, ili ajue ni mimi. Alinitazama mara moja. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo lilinipunguzia raha. Shehe alifupisha dua. Pilau ilipakuliwa kwa sababu ilishaiva, watu wakala wachache wachache wakaondoka, na Mama Ndahani akaondoka na ile pasipoti akisema yeye hawezi kuiacha.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Baba mkubwa aliitwa ofisi ya mtaa, kisha akaitwa kwingine, akarudi jioni uso umesawijika, akasema ameonywa na pasipoti imechukuliwa. Alimwandikia mdogo wake kwamba hawaji. Hakumwacha mkewe, lakini alihamishia godoro lake chumba cha mashine, na mama mkubwa akaenda Mpwapwa na Latifa, akakaa huko miezi. Duka lilifungwa. Kalenda ilibaki ukutani na ile orodha nyuma yake, na hakuna aliyeigeuza. Zuhura hakusema nami kwa siku nne. Siku ya tano, mama yangu alipokuwa amekuja kunichukua na begi langu liko mlangoni, alinifuata mpaka nje.

"Mimi nilikufanyia nini?" aliniuliza.

Nilikuwa nimefikiria kila mtu isipokuwa yeye. Nilibeba begi langu, nikapanda bajaji. Zuhura sasa yuko Chemba, ana watoto, tunapeana salamu za Idi kwa simu, na hajawahi kupanda ndege.

Ndani ya basi la Kondoa nilijiegemeza kwa mama, nikaanza kumwomba radhi kwa zile simu. Nilimweleza jinsi mama mkubwa alivyonidanganya, jinsi alivyosema yeye amekataa, jinsi alivyoiba cheti changu. Nilitaka tumchukie pamoja. Mama alikuwa akitazama nje, kwenye mbuga kavu na ng'ombe. Mwishowe aliniambia kwamba cheti hakikuibwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekituma. Dada yake alikuja mpaka kijijini, akapiga magoti, akamwomba. Alisema ana binti ambaye hajawahi kulala naye chini ya paa moja hata mwezi mzima, na kwamba huko ng'ambo, mahali ambapo hakuna anayewajua, angeweza kumlea mwezi mmoja.

"Wewe anakusomesha, anakuvisha," mama alisema. "Aliniomba jina tu. Mimi ndiye niliyekuzaa, nikaona naweza kuliazima."

"Jina alinipa baba," nilimwambia.

Nilimaliza darasa la saba kijijini, madarasa ambayo mvua ikinyesha masomo yanasimama, na ilinichukua miaka mingi kurudi Dodoma kwa miguu yangu mwenyewe. Mama mkubwa nilikutana naye baadaye kwenye harusi na misiba. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nimekua. Hakuniomba msamaha wala mimi sikumwomba. Alipofariki nilikwenda kumzika, nilikaa na wanawake, nilimenya vitunguu, na waliponiona machozi yananitoka walinishika bega.

Latifa sikumwona tangu Ijumaa ile hadi miaka mitatu iliyopita, kazi iliponipeleka Mpwapwa kwa mafunzo ya wiki moja. Yeye ndiye aliyenitafuta. Alisikia jina langu, na jina langu alilijua. Anafanya kazi maabara ya mifugo, amefanana na mama yake hadi namna ya kukunja mikono. Alinipeleka mgahawani, akaagiza chai ya maziwa na chapati. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno tayari kwa miaka mingi, nikidhani siku nitakapomwona atanilaumu, na mimi nitamweleza nani alianza.

Aliniambia kwamba kwa wiki zile zote nyumbani kwetu alikuwa akifundishwa kuitikia akiitwa Mwanaidi. Mama yake alimpa mazoezi wakiwa wawili dukani: akiulizwa uwanjani jina lako nani, aseme hivi, mama yako nani, aseme yuko kijijini, huyu ni mama mkubwa tu. Alisema alikuwa akiomba kila siku jambo litokee, hata augue, safari isiwepo. Kwa sababu angeenda mbali kiasi kile kukaa na mama yake, na kule pia angemwita jina jingine.

"Halafu ukasimama wewe," alisema. "Siku ile ndiyo aliyoniita mwanangu mbele za watu. Nimekuwa nikitafuta nafasi ya kukushukuru."

Niliyachukia maneno yale. Sitaki kuyapamba. Katika nyumba ile nilitoka na begi moja na kisasi changu, na begi lilikwisha chakaa. Kisasi ndicho kilichobaki, kamili, changu peke yangu, hakuna aliyekigusa. Na sasa mtoto yule yule aliyepewa kitanda changu na jina langu alikuwa amekaa mbele yangu akikichukua hicho nacho, akikiita wema. Nilimwambia asinishukuru. Nilimwambia sikusimama kwa ajili yake, nilisimama ili niwaumize wote, na yeye alikuwa wa pili kwenye hesabu.

"Najua," alisema Latifa. "Nilikuwa nakunywa ile chai yako ya chumvi."

Akavuta birika, akaniongezea kikombe bila kuuliza kama nataka.